Chakacha naijua, beli dansi nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Kisauni. Wa pili nilimzaa kwa upasuaji na sasa ana miezi kumi. Nataka kuanza madarasa ya beli dansi lakini nina wasiwasi. Chakacha naijua tangu utotoni, kwa hiyo shoga zangu wananiambia nitatupa pesa kufundishwa kukata kiuno ambacho tayari nakikata. Wengine wanasema umri umekwenda na tumbo langu si la kuonyesha watu. Nianzie wapi, nivae nini, mwalimu mzuri nitamjuaje, na je, YouTube haitoshi? Mdogo wangu anaolewa baada ya miezi minne, na natamani nicheze usiku wa kupamba. Inawezekana?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hao shoga zako, maana nusu ya waliyosema ni kweli.

Kiuno unacho. Mtoto wa kike aliyekulia huku kwetu, akaingia duara la chakacha na leso imefungwa nyongani, hahitaji kulipa mtu amwambie nyonga huzunguka. Wanafunzi wa hapa Mombasa wanaponijia siku ya kwanza, mzunguko wao ni laini kuliko wa mgeni aliyejifunza mwaka mzima. Kisha nawaambia wasimame tuli, wapige nyonga moja tu. Hapo ndipo jasho huanza kuwatoka.

Chakacha haikatiki. Mapigo yake huenda tatu-tatu, ngoma za vumi na chapuo zinasukumana, kiuno kinazunguka mfululizo na mwili wote umekubaliana nacho. Beli dansi, ambayo Wamisri wenyewe huiita raqs sharqi, inadai kitu kingine: nyonga ya kulia ipige huku mbavu zimenyamaza, kifua kizunguke huku nyonga zimetulia, halafu vyote vikatike kwa pamoja pale ngoma inapokatika. Kwa hiyo pesa yako haitanunua kiuno. Itanunua magoti, mbavu na sikio. Hayo matatu ndiyo nitakayokueleza kwa urefu, mengine nitapita haraka.

Kwanza kusimama. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, nyayo zote chini, magoti yalegee kidogo bila kukunjwa sana. Kifandugu kielekee sakafuni. Hapa ndipo tunapokosea wengi tuliotoka kwenye chakacha, kwa sababu tumezoea kubinua makalio ili kiuno kionekane. Ukibinua hivyo kwenye beli dansi, uzito wote unaishia kwenye mgongo wa chini, na usiku utalala ubavu ukiugua. Mbavu ziinuke, mabega yashuke, kidevu kisitangulie mbele. Kusimama hivyo tu kwa wimbo mmoja mzima, bila kucheza chochote, ni zoezi tosha la wiki ya kwanza. Mapaja yatawaka. Hayo ni maumivu halali. Maumivu ya kiuno nyuma au ya ndani ya goti si halali: ukiyasikia, acha umwite mwalimu akuangalie unavyosimama.

Sasa jaribu pigo moja, hapo hapo ulipo. Uzito wote uweke mguu wa kushoto, goti lake limelegea. Mguu wa kulia utangulize hatua ndogo mbele, kisigino juu, umeegemea vidole. Nyoosha goti la kulia kidogo tu. Umeona nyonga ya kulia imepanda yenyewe? Hukuiinua wewe, goti ndilo lililoisukuma. Likunje tena, nyonga inashuka. Kisigino kibaki juu wakati wote. Fanya mara nane polepole, kisha weka viganja vyako juu ya mbavu urudie. Mbavu zikisogea pamoja na nyonga, punguza ukubwa wa pigo mpaka zitulie. Mtu anayejua kupepeta mchele, uteo unaruka na viwiko vinacheza, lakini shingo na kichwa havina habari kabisa. Huo ndio utulivu ninaoutaka juu ya kiuno chako. Pigo dogo lililo safi linaonekana mpaka kiti cha mwisho ukumbini. Kubwa linalotikisa mwili mzima huonekana fujo tu, hata likiwa na nguvu namna gani.

Kutoka kwenye pigo hilo moja ndipo mengine huzaliwa. Magoti yakipokezana haraka, kulia na kushoto, unapata mtetemo. Nyonga zikichora namba nane sakafuni unapata nane, na hiyo utaipenda haraka kwa sababu iko karibu na chakacha. Mtetemo ndio utakaokutesa. Kila mwanafunzi mpya anataka kasi, anakaza tumbo, anabana pumzi, na baada ya nusu dakika amekwama. Mimi huwaanzisha kwa mwendo wa kutembea, kulia, kushoto, kulia, na huku wanacheza nawaambia wanisimulie walivyopika chakula cha mchana. Sauti ikianza kukatika kwenye tui la nazi, najua pumzi zimebanwa. Kasi huja yenyewe mwili ukilegea, na kwa wengi huchukua wiki kadhaa kabla mtetemo haujaonekana mtetemo.

Sikio nalo linataka kufundishwa, ingawa lako halianzi sifuri. Tumekua na taarabu masikioni. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa ambacho kipo mpaka leo. Udi, kanuni, nai na fidla unazozisikia kwenye muziki wa Cairo ni ndugu wa hizo ulizozisikia harusini, na dumbaki, ile ngoma ndogo ya kupigwa kwa mikono, ndiyo ile ile. Hapa kwetu Zuhura Swaleh aliifanya chakacha iingie ndani ya taarabu yenyewe, kwa hiyo kuchanganya si jambo jipya Mombasa. Ugumu ni kwamba umezoea kuifuata sauti ya mwimbaji na mzunguko wa ngoma. Sasa itabidi uisikilize dumbaki peke yake.

Dumbaki ina sauti mbili kubwa. Ukipiga katikati ya ngozi inatoa dum, ukipiga ukingoni inatoa tek. Mdundo utakaousikia kuliko yote unaitwa maqsum: dum tek, tek dum, tek. Useme kwa mdomo ukiwa unaosha vyombo. Ukibadilisha mwanzo wake ukawa dum dum, tek dum, tek, umeingia baladi, ambayo ni nzito na ya mtaani zaidi. Na ikiwa dum mbili zimehamia katikati, dum tek, dum dum, tek, hiyo ni saidi, ya watu wa Misri ya kusini. Mwanzoni nyonga ishuke kwenye dum tu. Tek ziache zipite. Mwanafunzi anayekimbilia kila tek hucheza kama anayefukuzwa, na mimi nikiwa na wanafunzi kumi huwa na uhakika watatu watafanya hivyo hadi niwazimie muziki.

Usidhani ukumbi wa kisasa ndio uliokuwa mwanzo. Wamisri walikuwa wakicheza majumbani na harusini, wamevaa magauni yao, nyonga zimefungwa kitambaa. Ile densi ya jukwaani yenye mikono mirefu, hatua za kutembea jukwaa zima na vazi la vipande viwili vya kumetameta ilikomaa kwenye kumbi za Cairo, hasa ule wa Badia Masabni uliofunguliwa mwaka 1926, ambako Tahia Carioca na Samia Gamal walipata kujulikana kabla ya sinema kuwachukua. Nakueleza haya kwa sababu ya swali lako la tumbo. Kuonyesha tumbo ni desturi ya jukwaa, si sharti la kucheza. Mahmoud Reda alipoanzisha kundi lake la densi mwaka 1959, mchezaji wake mkuu Farida Fahmy alicheza sana na magauni marefu yaliyofunika mwili, na Wamisri wakampenda. Saidi huchezwa na kanzu ndefu na fimbo, na fimbo hiyo asili yake ni tahtib, mchezo wa wanaume ambao ukiuona utamkumbuka mjomba wako kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Wanawake wa Ghuba nao wana densi yao ya khaliji, ambako thobe, gauni lao, ni pana, tumbo halionekani kabisa, na kazi kubwa iko kwenye miguu, mikono na nywele. Kwa hiyo tumbo lako, mwanangu, libaki ndani ya fulana mpaka utakapotaka wewe, na usipotaka maisha yako yote pia sawa.

Umri wala usinitajie. Dina, mchezaji beli dansi wa Cairo, alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa kwenye miaka ya hamsini. Miaka 34 ni mtoto.

Upasuaji ndio ninaotaka tuuzungumze kwa makini kuliko umri. Miezi kumi ni muda mzuri, na kama daktari hakukupa katazo lolote unaweza kuanza. Lakini ngozi kupona si sawa na misuli kurudi pamoja. Lala chali, kunja magoti, weka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo. Ukisikia mwanya unaopokea zaidi ya vidole viwili, au tumbo likachongoka katikati, misuli yako bado imeachana. Hilo halikukatazi kucheza, ila muone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, na darasani uache kujipinda nyuma na mazoezi ya kutupa tumbo nje kwa nguvu mpaka akuruhusu. Vilevile ukikohoa au ukitetemeka mkojo ukakuponyoka, usione haya. Wanawake wengi waliozaa wanalo na wananyamaza nalo. Lina mazoezi yake, na mtetemo wa kasi usubiri. Kidonda kikivuta au kikiuma ndani ukizungusha nyonga, siku hiyo acha. Kama bado unanyonyesha, mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka nyumbani. Zoezi la kifua na maziwa yaliyojaa havipatani.

Mavazi hayana makuu. Suruali ya kubana ya mazoezi au taiti, fulana isiyo pana sana, sidiria inayoshika vizuri, na leso. Leso uifunge kwenye mifupa ya nyonga, chini ya pale unapoifunga ukiwa jikoni, fundo liwe ubavuni. Dera liache nyumbani mwezi wa kwanza. Najua ndilo vazi la raha, ila mwalimu hawezi kuona goti lako limefanya nini ndani ya kitambaa chote hicho, na goti ndilo ninaloendelea kukuambia. Ule mshipi wenye visarafu usiununue sasa. Kelele zake ni tamu na zinakufanya ujione umeshajua, kumbe zinafunika mapigo yasiyoingia. Ukifika mwezi wa tatu ununue, umestahili.

Cheza pekupeku kama sakafu ni ya mbao au simenti iliyosuguliwa. Vigae vya nyumba zetu nyingi vikilowa jasho ni hatari, na joto la hapa Februari na Machi litakulowesha hata kabla ya kupasha mwili. Chukua taulo ndogo ya kufutia miguu, chupa ya maji ya lita moja, na usile wali ukashiba saa moja kabla ya darasa. Kuna mama aliyekuja kwangu ametoka moja kwa moja kwenye biriani ya harusi. Tulipoanza wimbi la tumbo, alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Mwalimu sasa. Hakuna cheti kimoja cha dunia kinachomfanya mtu kuwa mwalimu wa beli dansi, kwa hiyo usibabaishwe na karatasi ukutani wala na wafuasi wa Instagram. Omba uhudhurie darasa moja la majaribio, hata ukilipia, kisha uangalie macho yake yanakwenda wapi. Mwalimu anayejiangalia yeye kwenye kioo saa nzima ni mchezaji mzuri pengine, lakini hakufundishi. Anayepita kati yenu, akainama akaangalia magoti, akakuuliza kama una maumivu au umezaa karibuni, huyo mshike. Apashe mwili kabla na kuupoza baada. Awaambie jina la mdundo mnaochezea. Siku ya kwanza akikupa ngoma nzima ya kukariri na kitambaa cha kurusha, utaondoka na furaha, na baada ya wiki sita utakuwa unajua ngoma moja tu. Lipa kwa darasa au kwa mwezi. Muhula mzima kwa pamoja usilipe mpaka umemjua.

Na uulize habari za simu. Hili kwangu ni kubwa kuliko cheti. Mji huu unajua video ya mwanamke akicheza kwenye kupamba inavyoweza kuvuja na kuzunguka WhatsApp kabla ya asubuhi, na aliyeumia si aliyeituma. Darasani kwangu simu zote zinaingia kikapuni mlangoni, na mapazia yanashushwa. Kama darasa unaloliendea liko kwenye jimu ya Nyali au hoteli yenye ukuta wa kioo, uliza nani hupita nje saa hiyo na kama wanaume wanaingia. Wengine hawajali, na hiyo ni haki yao. Wewe ujue mapema tu, usije ukagundua katikati ya mtetemo.

Maneno ya watu sitayapa nafasi kubwa. Kwa sababu somo na makungwi walikuwa wakiwafundisha wari kiuno kwa ajili ya ndoa, wapo wanaodhani kila mwanamke anayejifunza kucheza ana mpango chumbani au ana tatizo huko. Wanafunzi wangu wengi wanakuja kwa mgongo uliochoka kukaa ofisini, kwa kutaka saa moja isiyo na mtoto, au kwa kupenda muziki basi. La dini muulize unayemwamini kwa elimu yake. Mimi ni mwalimu wa ngoma.

YouTube itumie, ila kwa kazi yake. Inafaa kulisha sikio na kukumbusha ulichofundishwa jana. Haioni goti lako, haijui una kidonda, na mara nyingi huelewi kama kulia kwake ni kulia kwako. Ukikosa kabisa darasa la kufika kwa matatu moja, jirekodi dakika mbili kwa wiki ukiwa umesimama ubavu, angalia mgongo na magoti tu, kisha ufute. Nyumbani dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Dakika tano za kusimama na pigo moja moja, tano za nane polepole, tano za mtetemo wa mwendo wa kutembea. Muziki uwe mmoja wiki nzima, mpaka ujue dumbaki inakatika wapi.

Harusi ya mdogo wako inawezekana, ukikubali udogo wake. Miezi minne ya darasa moja kwa wiki ni madarasa kama kumi na sita. Miwili ya kwanza usifikirie harusi kabisa. Wa tatu uchague wimbo pamoja na mwalimu: baladi ya mwendo wa wastani, isiyozidi dakika tatu. Jiepushe na ile ya dumbaki peke yake ya kasi, ambayo kila mwanafunzi huipenda na ambayo humwumbua kila mwanafunzi. Ndani ya wimbo utakuwa na vitu vitano: kutembea na mdundo, pigo la nyonga, nane, mzunguko mkubwa na mtetemo mmoja mfupi karibu na mwisho. Mahali utakapopotea, rudi kwenye kutembea. Mikono usiipungie hewa. Mmoja ubavuni, mmoja juu ya kichwa, unabadilisha kila mistari miwili ya wimbo.

Gauni liwe refu, kiuno kimefungwa kitambaa, na ulifanyie mazoezi wiki mbili kabla, maana pindo likikutega mbele ya wageni hakuna mdundo utakaokuokoa. Cheza kabla bibi arusi hajaingia ukumbini. Akishakaa kwenye kiti chake, macho ni yake. Mchana wa siku hiyo nenda ukakanyage jukwaa lenyewe, kwa sababu mara nyingi hutandikwa zulia juu ya mbao na mguu hauzunguki kirahisi, uamue kama utavaa viatu vyepesi. Wimbo umpe DJ kwenye flashi siku moja kabla, umekatwa tayari kwenye dakika ya tatu, na umwambie usipigwe kutoka kwenye simu ya mtu yeyote, kwani simu ikiita katikati ya baladi utabaki umesimama kisigino juu ukisikiliza mlio wa mtu.